Padi Ikifa Mkononi Mwako: Somo la Betri na Michezo ya PS Mtaani

Mhariri aliponiomba niandike makala ya sayansi kwa lugha ya Kiswahili, nadhani alitarajia nitaandika juu ya usanidinuru au moyo wa binadamu. Mimi nimechagua PS. Najua baadhi ya walimu wetu watakunja uso wakiona neno hilo. Nawaomba wanivumilie hadi mwisho, kwa maana somo hili lilianza kama kesi, na mshtakiwa alikuwa mdogo wangu.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa likizo ya Aprili. Mama alinituma sokoni ninunue viazi na vitunguu. Mdogo wangu, ambaye ana miaka kumi na miwili, akanifuata. Tulipokuwa tukirudi tulipita karibu na kibanda cha PS hapa mtaani kwetu upande wa Kaptembwo, nikamwambia, "Tuingie dakika tano tu." Si unajua hizo dakika tano? Ndani tulikuta vijana tisa wakingojea padi mbili. Tukakaa kwenye benchi. Zamu ya mdogo wangu ilipofika nilimlipia kwa chenji ya Mama.

Alicheza vizuri ajabu. Kufikia dakika ya sitini hivi alikuwa akiongoza mabao mawili kwa moja. Ghafla taa ya padi yake ikazima, mchezo ukasimama, na maandishi yakatokea kwenye skrini kwamba padi imekatika. Mwenye kibanda akaichaji kidogo, ikawaka, ikafa tena. Akamgeukia mtoto na kusema, "Wewe ndiye umeiua. Unaibonyeza kama mtu anayekanda unga wa chapati."

Jioni alikuja nyumbani. Akamsalimia Mama kwa heshima, kisha akasema, "Mama, kijana wako ameharibu padi yangu, na padi ni pesa. Naomba unilipe." Mama alitutazama sisi wawili, akaniuliza, "Kumbe viazi vilichelewa hivyo?" Sikuwa na jibu. Pesa pekee zilizokuwa ndani ya nyumba ni zile alizoweka za chakula chetu cha mchana shuleni muhula wa pili. Mdogo wangu alikuwa akilia akisema, "Mimi sikufanya kitu." Hapo nikamwomba mwenye kibanda, "Kaka, nipe siku mbili. Kama ni yeye aliyeiharibu tutalipa." Akakubali shingo upande.

Basi nilikuwa na siku mbili za kujua padi hufa kwa nini. Haya ndiyo niliyojifunza.

MASHINE HUHESABIWA VIPI?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mtaani kila mashine ya gemu huitwa PS, hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Kifaa cha kushika mkononi huitwa padi. Katika makala haya nitayatumia maneno hayohayo ili nisimpoteze mtu.

PS halisi ni PlayStation ya kampuni ya Sony ya Japani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1994. Ile ya pili, PlayStation 2, ilitoka mwaka 2000 na imeuzwa zaidi ya mashine milioni 155. Hakuna mashine ya gemu ya kuunganisha na televisheni iliyowahi kuuzwa zaidi yake. PlayStation 4 ilitoka mwaka 2013, nayo ikapita milioni 115.

Lakini hebu fikiri. Hesabu hizo ni za mashine mpya zinazotoka kiwandani kwenda madukani. Mashine ikinunuliwa mpya Uingereza huhesabiwa mara moja. Miaka mitano baadaye inauzwa kama mtumba, inafika Nairobi, inapanda gari hadi Nakuru, na inafungwa kwa mnyororo juu ya meza katika kibanda cha mabati. Haihesabiwi tena. Hapo itachezwa na watoto wa mtaa mzima, na wengi wao hawatamiliki mashine yoyote maishani. Kule ilikotoka ilikuwa na mwenyewe mmoja. Huku ina wachezaji mia na mwenyewe mmoja.

Ndiyo maana nasema ukitaka kujua habari za PS katika miji yetu, iwe Nakuru, Molo, Njoro au Naivasha, usihesabu mashine. Hesabu padi, na hesabu watu walio kwenye benchi. Mashine moja huweza kudumu miaka mingi mezani bila kuguswa na mteja. Padi ndiyo inayoshikwa na mikono yote, yenye jasho na yenye mafuta ya chipsi. Kwa hivyo padi ndiyo hutangulia kuchoka, na kwenye padi betri ndiyo hutangulia kufa.

BETRI KAVU NA MJI WETU

Nilipotaka kujua habari za betri sikwenda mbali, nilikwenda kwa Babu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha betri hapa Nakuru akastaafu zamani. Wengi wa rika langu hawajui kwamba mji wetu, ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ulijulikana kwa betri. Kampuni ya Eveready ilianzishwa nchini mwaka 1967 na kiwanda chake kikawa hapa. Betri zake za Paka Power ziliwasha redio na tochi za wazee wetu kwa miaka mingi. Mwaka 2006 hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2014 kiwanda cha Nakuru kilifungwa. Kampuni ilieleza kwamba betri za bei nafuu kutoka nje zilikuwa zimeibana sana.

Babu alipasua maneno kama mwalimu. Betri kavu ya kawaida ina kopo la zinki, na kopo hilo ndilo upande hasi. Katikati kuna kijiti cha kaboni, upande chanya. Baina yao kuna unga mweusi wa dioksidi ya manganisi na uji mzito wa kemikali. Ukiunganisha pande hizo mbili kwa waya na balbu, zinki huanza kuliwa na kemikali, na elektroni husafiri kwenye waya. Hiyo ndiyo stima yako ya volti 1.5. Zinki ikiisha, betri imekwisha. Haichajiki.

Nikamwuliza, "Babu, mbona tunaanika betri juani na zinarudi?" Akacheka. Joto huharakisha kemikali iliyosalia ndani, kwa hivyo redio itaongea kidogo tena. Zinki iliyoliwa hairudi. Ni kama kukwangua sufuria ya ugali: utapata ukoko, hutapata ugali mwingine. Na wale wanaoziuma betri za rimoti kwa meno waache kabisa, kwa sababu kopo likitoboka kemikali itaingia kinywani.

Betri za namna hii bado zipo kwenye michezo. Padi za Xbox One, iliyotoka mwaka 2013, hutumia betri ndogo mbili kama zile za rimoti. Rimoti ya Nintendo Wii ya mwaka 2006 ilikuwa vivyo hivyo. Uzuri wake ni kwamba zikiisha unakimbia dukani kununua nyingine na mechi inaendelea. Ubaya wake ni gharama ya kila mara. Na kuna kanuni mbili za kushika: usichanganye betri mpya na kuukuu, maana ile mpya itachoshwa na ile mbovu, na kama hamchezi kwa muda mrefu, zitoe, kwa sababu betri iliyokwisha huvuja na kula vyuma vya padi.

BETRI YA PADI YA PS

Padi za PlayStation ya kwanza na ya pili hazikuwa na betri. Zilikuwa na waya mrefu uliochomekwa kwenye mashine. Waya ulikwaza watu miguu, lakini hakuna aliyewahi kulia kwamba padi imeisha moto. Mambo yalibadilika PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006 ikiwa na padi isiyo na waya, yenye betri ya kuchaji ndani yake.

Betri hiyo ni ya lithiamu, jamii moja na ya simu. Sony yenyewe ndiyo iliyotangulia kuuza betri za aina hii kwa umma mwaka 1991. Wanasayansi watatu waliochangia kuzivumbua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Inafanyaje kazi? Ndani yake chembe za lithiamu zenye chaji husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine. Unapocheza zinakwenda, unapochaji zinarudi. Mimi hufikiria matatu ya Nakuru na Njoro. Asubuhi inabeba abiria kwenda, jioni inawarudisha. Lakini kila safari kuna abiria mmoja mmoja anayeshuka njiani asirudi tena. Hutaona tofauti wiki ya kwanza. Baada ya safari mia kadhaa matatu inarudi na viti vitupu. Hivyo ndivyo betri ya lithiamu inavyozeeka: kila ikichajiwa, lithiamu kidogo hunaswa ndani isiweze kusafiri tena. Joto huongeza uharibifu huo, kwa hivyo padi isiachwe juani wala juu ya televisheni yenye moto.

Sasa angalia jambo hili. Mtu wa nyumbani anaweza kuchaji padi mara mbili kwa wiki. Kibandani padi huchajiwa kila siku, pengine mara mbili kwa siku. Safari ambazo padi ya nyumbani ingezimaliza kwa miaka mitano, padi ya kibanda inayochajiwa mara mbili kwa siku huzimaliza kabla ya mwaka kwisha.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Betri ya padi ya PlayStation 4 imeandikwa mAh 1000, yaani miliampea 1000 kwa saa moja. Tuseme ikiwa mpya inadumu saa 5. Basi padi inavuta wastani wa miliampea 200, kwa kuwa 1000 ukigawanya kwa 5 unapata 200.

Tuseme tena mechi moja pamoja na kuchagua timu na kubishana huchukua dakika 15, na malipo ni shilingi 20. Saa 5 ni dakika 300, yaani mechi 20, yaani shilingi 400 kwa chaji moja. Betri ikizeeka idumu dakika 40 tu, itatoa mechi mbili kamili na dakika 10 za mechi ya tatu. Dakika 10 kati ya 15 ni theluthi mbili ya mechi. Mechi ya dakika 90 itakatika dakika ya 60.

Nilipofika hapo kalamu ilinidondoka. Mdogo wangu alikuwa wa tatu kushika padi ile tangu ichomolewe kwenye chaja. Na ilikatika dakika ya sitini hivi!

Jambo jingine. Watu hudhani padi ikiwa imejaa moto, basi stima ikipotea tunaweza kuvumilia. Betri ile ina volti 3.65. Ukizidisha kwa ampea 1 kwa saa unapata wati 3.65 kwa saa. PlayStation 4 ya kwanza ikicheza gemu kubwa huvuta wati 100 na zaidi. Betri ya padi ingeiendesha mashine kwa dakika mbili tu, kisha kwaheri. Mashine yenyewe hutegemea stima, na sehemu ya stima hiyo hutoka hapa kwetu Bonde la Ufa: mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981.

SHERIA ZA BENCHI

Ng'ambo siku hizi wachezaji wengi hukutana kwa intaneti, kila mtu chumbani kwake. Sisi hucheza bega kwa bega. Si kwa sababu tuko nyuma ya wakati. Sababu ya kwanza ni kwamba mashine ni moja na intaneti ni ya kununua. Sababu ya pili ni kwamba huo ndio mtindo tuliourithi. Angalia wazee wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda nje ya kinyozi. Mshindi hubaki, aliyeshindwa huinuka, wanaongoja hutoa maoni bila kuombwa. Kibanda cha PS ni drafti iliyotiwa stima.

Watengenezaji wengine wameelewa jambo hili. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilikuwa na matundu manne ya padi. Nintendo Switch ya mwaka 2017 inauzwa na padi mbili ndogo ndani ya sanduku moja, ili ummegee rafiki moja. Mashine nyingi nyingine huja na padi moja, kana kwamba mtu anacheza peke yake. Ya pili unainunua.

Benchi lina sheria nzuri: zamu haiuzwi, mdogo haondolewi, anayetazama hagusi. Lina pia sheria mbaya mbili. Ya kwanza ni aliyeshindwa ndiye hulipa. Hiyo ni kamari iliyovaa sare ya mpira, na imewafanya wenzetu wengine kucheza pesa za lanchi. Ya pili ni kwamba kitu kikiharibika, aliyekishika mwisho ndiye mwenye makosa. Na kwa kawaida aliyekishika mwisho ni mtoto asiyeweza kujitetea.

Kisha kuna ile sheria isiyosemwa, kwamba benchi ni la wavulana. Wasichana wenzangu, msikubali. Kenya ina Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, ambaye alipata sifa nje ya mipaka yetu kwa kucheza Tekken, tena huku akisomea sheria.

KESI ILIVYOAMULIWA

Siku ya pili nilirudi kibandani na mdogo wangu, na Mama akaja pia. Nikamwomba mwenye kibanda tufanye majaribio mawili.

Jaribio la kwanza: tuliunganisha padi ile "iliyokufa" kwenye mashine kwa waya wa USB, tukacheza mechi nzima. Kila kitufe kilifanya kazi. Kumbe kama mtoto angekuwa ameivunja kwa kubonyeza, kitufe au kile kijiti cha kuelekeza ndicho kingegoma. Kubonyeza kwa nguvu huchosha mpira wa vitufe, hakuui betri. (Ukifanya jaribio hili tumia waya unaopitisha data. Kuna nyaya za kuchaji tu, na mashine haiwezi kuitambua padi mpya kwa waya huo.)

Jaribio la pili: tulichaji padi zote mbili hadi zikajaa, tukazitumia pamoja, tukatazama saa. Ile ya zamani ilizima baada ya dakika arubaini na kidogo. Nyingine iliendelea mpaka tukachoka sisi wenyewe.

Benchi lote lilinyamaza. Mwenye kibanda alijikuna kichwa, akasema, "Basi ni betri imezeeka." Kisha akamwambia mdogo wangu, "Pole, kijana. Kesho uje ucheze mechi mbili bure." Baadaye fundi wa simu alimbadilishia betri, na padi ikarudi kazini bila kununuliwa nyingine.

Mama alifurahi kwamba pesa za chakula zimebaki. Lakini tukiwa njiani aliniambia, "Mdogo wako hakuwa na kosa. Wewe je?" Chenji ya viazi niliirudisha kidogo kidogo kwa kuteka maji kwa majirani. Nimeandika jambo hili hapa kwa sababu si haki kuutetea ukweli wa mwenzako huku ukificha wako.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Padi isipofanya kazi, ijaribu kwa waya kabla ya kumlaumu mtu.
2. Andika tarehe ya kununua padi kwenye kipande cha plasta nyuma yake. Umri wa betri utajulikana bila ugomvi.
3. Betri ya lithiamu ikivimba, iache mara moja. Usiitoboe, usiichaji, usiitupe motoni pamoja na takataka. Huweza kulipuka moto. Mpe fundi anayekusanya vifaa vibovu. Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za kielektroniki.
4. Betri ya lithiamu haianikwi juani kama za redio za babu zetu.
5. Zamu ni ya kila mtu. Lawama si ya kila aliye wa mwisho.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Padi yenye betri ya mAh 1500 huvuta miliampea 250. Itadumu saa ngapi?
2. Eleza kwa nini betri kavu haichajiki lakini ya lithiamu huchajika.
3. Kwa nini idadi ya mashine zilizouzwa haionyeshi idadi ya wachezaji katika mji kama Nakuru?
4. Jadili: "Aliyeshika mwisho ndiye aliyeharibu." Toa mfano kutoka darasani kwenu, bila kumtaja mtu.

Jibu la swali la kwanza ni saa 6. Hayo mengine yajadilini na walimu wenu, na mkikwama, mimi hukaa benchi la nyuma kabisa maktabani wakati wa mapumziko. Hata huko tuna zamu.

Wasalaam.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili.